Kamusi Moja Mikononi mwa Watu Arobaini

Muhula uliopita niliandika programu ya kuweka hesabu ya vitabu vya chama chetu vinavyoazimwa. Niliiandika kwa Lua, lugha ya kompyuta iliyozaliwa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka wa 1993. Jina lake kwa Kireno ni mwezi. Siku ya kurudisha vitabu, wa kwanza kwenye foleni alikuwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Jina lake likatazamwa, kamusi ikaonekana, akaambiwa alipe. Maskini, hakuwahi kuazima hata kijitabu! Alilia. Kuangalia majina mengine, lo! Wote arobaini walikuwa na kamusi ile ile.

Kosa lilikuwa langu, na hili hapa:

Mwanachama = { faini = 0, vitabu = {} }
Mwanachama.__index = Mwanachama

function Mwanachama.mpya()
  return setmetatable({}, Mwanachama)
end

Katika Lua, jedwali ukiliuliza ufunguo lisilokuwa nao hujibu nil, yaani hakuna. Lakini laweza kupewa metajedwali, yaani jedwali la pili lenye maagizo. Agizo la __index husema: hapa hamna, katafute kule. Ni kama mtoto anayetumwa chumvi. Kwao ikikosekana, anakimbia kwa nyanya. (Ule mstari wa pili msiusahau. Bila __index, kuwa na metajedwali pekee hakumpeleki mtoto popote.)

Kilichonichanganya ni kwamba faini zilikuwa sawa, kila mtu na yake. Mbona vitabu tu? Nilikaa na swali hilo siku mbili. Kumbe m.faini = m.faini + 5 husoma ile sufuri ya nyanya, lakini jibu huandikwa ndani ya m mwenyewe, kwa sababu __index ni ya kusoma tu. Kuandika kuna agizo lake, __newindex, nami sikuliweka. Sasa table.insert(m.vitabu, "Kamusi") haiandiki ufunguo wowote ndani ya m. Inasoma m.vitabu, inapelekwa kwa nyanya, na kutia kamusi katika kopo la nyanya. Wajukuu wote wakiulizwa, wanaonyesha kopo hilo hilo moja.

Nililinasa kosa kwa rawget, ambayo huuliza jedwali lenyewe bila kupitia metajedwali:

print(rawget(m, "vitabu"))

Ikajibu nil. Yaani m hakuwa na orodha yake kabisa! Dawa ikawa kila mmoja azaliwe na yake:

return setmetatable({ vitabu = {} }, Mwanachama)

Kule juu nikaifuta vitabu = {} makusudi. Siku nikisahau tena, heri programu ikwame na kupiga kelele kuliko kunyamaza na kumsingizia mtu.

Nikaingiza upya majina yote kutoka daftari. Kamusi ikabaki kwa jina moja, la mwanafunzi wa kidato cha tatu, naye akairudisha jioni hiyo. Yule mdogo nilimwomba msamaha mbele ya wenzake.