Somo la Mwezi: Siku ya Jua Kali katika Safari ya Baisikeli



Mwezi huu twataka kujifunza neno moja limpasalo kila msafiri, nalo ni hili: mtu ashindwaye na joto ndiye wa mwisho kujua ya kuwa ameshindwa. Kwake aendaye peke yake hiyo ni hatari kubwa. Bali waendao pamoja wanayo dawa yake, wakikubali kuitumia. Basi kwanza tutazame safari moja iliyo mashuhuri, kisha tuchunguze joto latendaje mwilini, na mwisho tuulize yatupasa nini.

1. Habari ya safari yenyewe

Katika Marekani liko jimbo liitwalo Iowa, kati ya mito miwili mikubwa: Missouri upande wa magharibi, na Mississippi upande wa mashariki. Ni nchi ya wakulima, na mashamba yake ya mahindi na soya huenea mpaka upeo wa macho. Mwaka 1973 waandishi wawili wa gazeti la Des Moines Register, John Karras na Donald Kaul, waliazimu kulivuka jimbo lote kwa baisikeli, wakawaalika wasomaji wao wafuatane nao. Walioondoka mji wa Sioux City mwisho wa mwezi wa Agosti walikuwa yapata watu 300. Waliokwenda njia yote mpaka Davenport, kwa siku sita, walikuwa 114.

Tangu hapo safari hiyo imefanywa kila mwaka, ila mwaka 2020 iliahirishwa kwa ajili ya maradhi ya korona. Siku hizi huwa mwezi wa Julai, kwa muda wa juma moja, na wasafiri ni maelfu. Desturi yao ni kuchovya gurudumu la nyuma katika mto wa magharibi waanzapo, na gurudumu la mbele katika mto wa mashariki wamalizapo. Usiku hulala penye mji mmoja, wengi wao katika mahema; mchana hupita miji midogo mmoja baada ya mwingine.

Katika safari ile ya kwanza alikuwapo mzee mmoja, Clarence Pickard, mwenye umri wa miaka 83. Alipanda baisikeli ya kike, naye amevaa shati ya mikono mirefu, suruali ndefu, nguo za ndani za sufu, na kofia ngumu ya jua. Siku ya kutoka Des Moines kwenda Williamsburg njia ilikuwa maili 110, yaani kilometa 177, na joto lilikuwa kadiri ya digrii 38 za sentigredi. Mzee yule alifika Williamsburg, hata na Davenport alifika. Kwa hiyo tusidhani ya kuwa jua hushindwa kwa nguvu za ujana tu.

2. Joto latendaje mwilini

Mtu apandaye baisikeli hupata joto kutoka pande mbili. Jua humchoma kwa nje, na misuli yake ifanyayo kazi humtia joto kwa ndani. Mwili hujiponya kwa jasho. Lakini si jasho lenyewe lipozalo, bali ni kule kukauka kwake juu ya ngozi. Jasho lidondokalo chini limepotea bure.

Basi hewa ikiwa imejaa mvuke, jasho halikauki upesi. Ndivyo ilivyo Iowa mwezi wa Julai, kwa kuwa mimea nayo hutoa maji kwa majani yake, na mashamba mapana ya mahindi huongeza mvuke hewani. Tena upepo wa mwendo humdanganya msafiri. Akienda mbio, upepo humkausha, naye hujiona hana jasho, kumbe maji yanamtoka, pengine lita moja na zaidi kwa saa. Akipanda kilima polepole, au upepo ukimfuata nyuma, ule ubaridi hukoma, na joto humwangukia kwa ghafula.

Kwa sababu hiyo hunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, wala hangoji koo likauke. Lakini hapa pia pana kiasi. Jasho huchukua na chumvi ya mwili. Mtu anywaye maji mengi mno kupita yale yaliyomtoka, bila chakula wala chumvi, aweza kuugua sana, hata kufa.

3. Joto huiba akili

Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza, na jasho jingi. Aonaye haya na apumzike kivulini, afungue nguo, ajipoze, anywe. Asipofanya hivyo, joto la mwili laweza kupanda mpaka digrii 40 na zaidi, na hapo ubongo huvurugika. Mtu hunena maneno yasiyopatana, hukasirika bila sababu, huyumba njiani kama mlevi. Ukimwuliza hali yake, hujibu, "Sijambo, twendeni." Anasema hivyo kwa kuwa kile chombo cha kupimia hali yake, ndicho kilichoharibika.

Huyu ni mgonjwa wa kufa. Asiulizwe kama ataka msaada, apewe. Apozwe pale pale bila kukawia: atiwe katika maji baridi akishikwa vema, kichwa kikiwa juu ya maji, au amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, huku wengine wakimwita mganga. Kumpoza kwatangulia kumchukua hospitali. Wala asinyweshwe kitu akiwa akili zake hazipo, asije akapaliwa.

4. Kazi ya wenzake

Hakuna mtu aonaye kisogo chake, ila mwenzake humwonea. Ndiyo faida ya kwenda wengi. Lakini watu 20 wanaokwenda kila mmoja kwa mwendo wake, bila kutazamana, si kundi; ni wapweke 20 katika njia moja. Kundi la kweli huondoka alfajiri, hupimia mwendo wake kwa aliye dhaifu, na kila mmoja hujua ni nani aliyekabidhiwa kumwangalia.

Katika safari ile ya Iowa yako magari yapitayo nyuma kuwachukua waliochoka. Wako waonao haya kuyapanda, kana kwamba ni kushindwa. Twasema, haya hiyo ndiyo adui wa pili baada ya jua. Mwenzi mwema ni yule amwambiaye rafiki yake, "Leo panda gari, kesho utaendelea," naye hamcheki jioni.

Nayo miji midogo ina sehemu yake. Wenyeji hutoa maji na kivuli, wengine hunyosha mipira ya bustani na kuwanyunyizia wapitao. Makanisa huandaa chakula na kukiuza, ili kupata fedha za kazi zao. Katika siku ya jua kali, bomba la maji kando ya njia laweza kuwa ndilo lililookoa maisha ya mtu, wala aliyelifungua asijue kamwe.

5. Yatupasayo

Kwetu pia wako wapandao baisikeli mchana kutwa: wenye kubeba magunia ya mkaa na mikungu ya ndizi, na waendao mitaa ya mbali. Wasafiri wawili wakiondoka pamoja, na wapatane kabla ya kuondoka: mmoja akisema "pumzika," mwingine atii bila kushindana. Mapatano hayo yafanywe asubuhi, wakati akili zingali nzima. Adhuhuri huenda umechelewa.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini upepo wa mwendo humdanganya apandaye baisikeli?
2. Kwa nini haifai kumsadiki mgonjwa wa joto asemapo, "Sijambo"?
3. Ni jambo gani lifanywalo kwanza, kumpoza au kumchukua hospitali?
4. Katika safari yako ijayo, ni nani atakayekuangalia, nawe utamwangalia nani?