Fahamu Redio ya Ridhaa na Tofauti Yake na CB

Mafuriko yanapokata barabara na kuzima umeme, minara ya simu nayo huweza kunyamaza. Ndipo thamani ya redio za upepo huonekana. Hata hivyo, watu wengi huchanganya aina mbili za redio hizo zinazoweza kutumiwa na mtu binafsi: CB na redio ya ridhaa. Somo hili linazitofautisha.

CB ni redio ya mazungumzo ya kila siku iliyoanzia Marekani. Hutumia masafa ya megahezi 27. Nchini humo imetengewa chaneli 40, na nguvu yake kwa sauti ya kawaida haizidi wati 4. Mtumiaji hafanyi mtihani wala hahitaji leseni yake binafsi. Madereva wa malori waliipa umaarufu katika miaka ya 1970, wakati wa uhaba wa mafuta, wakiarifiana vituo vyenye mafuta. Kwa kawaida mawasiliano yake hufika kilomita chache tu.

Redio ya ridhaa ni uraibu wa kujifunza. Anayeipenda husoma misingi ya umeme, antena, sheria na taratibu za mawasiliano, kisha hupimwa kabla ya kupewa leseni. Hupewa pia alama ya mwito, ambayo ni yake peke yake duniani; alama za Tanzania huweza kuanza na 5H, na za Kenya 5Z. Anaruhusiwa kutumia masafa mengi, nguvu kubwa kuliko ya CB, na hata mitambo aliyoiunda kwa mikono yake. Mawimbi ya megahezi 7 au 14 hurudishwa ardhini na tabaka la juu la anga, hivyo humwezesha kuzungumza na mtu aliye maelfu ya kilomita bila mnara wowote kati yao. Masharti yake ni bayana: haruhusiwi kufanya biashara wala kutangaza muziki.

Faida ya ujuzi huo ilionekana tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ilipovikumba visiwa vya Andaman, India. Wanaridhaa kutoka India bara walikuwa wamefika Port Blair wiki chache kabla kwa ajili ya uraibu wao tu. Simu zilipokatika, waliacha maongezi ya kujifurahisha, wakapeleka habari za manusura kwa ndugu zao waliokuwa bara. Mitambo ilikuwa tayari. Zaidi ya hayo, watu wenyewe walikuwa tayari.

Hapa nchini, masafa yote husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Mwananchi anashauriwa kuuliza huko kabla ya kununua au kuagiza redio yoyote ya kurushia mawimbi, kwa maana kukosa leseni ni kuvunja sheria, na mawimbi yasiyoratibiwa huweza kuingilia mawasiliano ya ndege au ya waokoaji.

Walimu wa sayansi na vijana wanaweza kuanza kwa gharama ndogo: kusikiliza tu, huku wakijifunza. Stadi hii haipatikani siku ya mafuriko. Hujengwa wakati wa utulivu, nasi tutaihitaji siku simu zitakaponyamaza.