Skrini Janja Nyumbani: Je, Yafaa Kununuliwa?

Muhula huu wanafunzi kadha wa kadha wameniuliza habari za chombo kiitwacho skrini janja, na wengine wamekwisha kuwaomba wazazi wao wakinunue. Mimi ni mwalimu wa fizikia, si mfanyabiashara. Basi nitaeleza jinsi kinavyofanya kazi, kisha tupime faida na gharama zake.

Skrini janja ni mfano wa televisheni ndogo iwekwayo juu ya meza, yenye spika na maikrofoni. Amazon ilianza kuuza Echo Show mwaka 2017 kwa dola 230 hivi huko Marekani, na Google ikaleta yake mwaka 2018. Chombo husubiri neno la kukiamsha, kama vile "Alexa". Kikilisikia, huyachukua maneno yafuatayo na kuyapeleka kwa intaneti mpaka kwenye kompyuta za kampuni zilizo mbali. Huko ndiko jawabu hutafutwa, kisha hurudishwa. Kwa hiyo tunachonunua ni mdomo na masikio. Akili yenyewe hubaki kwa mwenye kampuni.

Faida zipo, wala sizikatai. Mama mwenye unga mikononi aweza kuuliza saa bila kugusa kitu. Mzee asiyeona vizuri, au mtu mwenye ulemavu wa mikono, aweza kumpigia mwanawe na kuonana naye kwa kutamka tu. Kwa watu hao ni msaada mkubwa.

Sasa tutazame gharama.

Kwanza, umeme na intaneti. Echo Show haina betri ndani yake. Umeme ukikatika, huzimika. Bando likiisha, haijibu maswali. Anayenunua bando la siku kwa siku atakuwa ameongeza mlaji nyumbani.

Pili, lugha. Alexa ilianza kwa Kiingereza mwaka 2014. Baadaye ilifunzwa Kijerumani, Kijapani, Kihindi, Kiarabu na nyingine. Kiswahili hakikuwekwa miongoni mwao. Basi bibi, ambaye angefaidika kuliko sote, ndiye atakayeshindwa kuongea nayo.

Tatu, siri za nyumba. Mwaka 2023 Amazon ilikubali kulipa dola milioni 25 ili kumaliza kesi ya serikali ya Marekani, iliyodai kwamba kampuni ilihifadhi sauti za watoto kinyume cha sheria. Wahenga walisema kuta zina masikio; tusiyalipie bila kufikiri.

Nne, maisha ya chombo. Facebook ilianza kuuza skrini yake, Portal, mwaka 2018. Mwaka 2022 kampuni ikaamua kuacha kuwauzia watu wa majumbani. Kwa kuwa akili iko kwa kampuni, chombo kizima kabisa chaweza kupungukiwa na kazi zake kwa uamuzi wa watu tusiowajua.

Maoni yangu ni haya. Nyumba yenye umeme na intaneti ya kudumu, na ndani yake mzee au mgonjwa ajuaye lugha ya chombo, yaweza kununua. Ichague isiyo na kamera, au yenye kifuniko cha kamera, wala isiiweke chumbani kwa watoto. Nyumba nyingine zilizo na simu janja zina karibu kazi zote hizo tayari: saa, mapishi, picha na mazungumzo.

Wanafunzi, kabla ya kumsumbua mzazi, fanyeni jaribio la siku saba. Isimamisheni simu ya nyumbani juu ya kibao mezani. Kila mtu anapotaka kuitumia huku mikono yake ina kazi, andikeni siku, saa na sababu. Mwisho wa juma hesabuni. Zikiwa mara mbili tatu tu, fedha hiyo na ikanunue vitabu au taa ya kusomea. Zikiwa nyingi, mpeni mzazi daftari lenu alisome, ndipo mzungumze habari ya kununua.