MAJINA MENGI, ANWANI MOJA: SOMO KWA WATUMIAJI WA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaotengeneza tovuti wanafahamishwa kuwa kompyuta moja inaweza kuitikia majina mengi, bila gharama na hata bila kuunganishwa na intaneti. Hata hivyo, jambo hilo lina hatari yake, nayo si ndogo.

Jambo lenyewe si geni kwa mkazi wa Tandale au Mbagala. Sanduku moja la posta la shule hupokea barua za watu wengi. Namba ni moja, na kinachozitenganisha barua hizo ni jina lililo juu ya bahasha. Tovuti nazo ni hivyo. Kanuni ya HTTP 1.1, iliyotolewa mwaka 1997, inakitaka kila kivinjari kitaje jina la tovuti kinayoitafuta, na seva yenye anwani moja hulisoma jina hilo kisha ikatoa kurasa zinazohusika.

Ichukuliwe mfano wa mtumishi anayeandaa tovuti mbili, ya Kinondoni na ya Temeke, katika kompyuta iliyo mezani pake. Atafungua faili liitwalo hosts. Katika Windows limo ndani ya C:\Windows\System32\drivers\etc. Katika Linux ni /etc/hosts. Humo ataandika:

127.0.0.1 kinondoni.test
127.0.0.1 temeke.test

Anwani hiyo huirejesha kompyuta kwake yenyewe. Majina hayo yangeweza kukaa katika mstari mmoja, yakitenganishwa kwa nafasi, lakini mstari kwa kila jina ni rahisi zaidi kusahihisha. Kikoa .test kilitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya majaribio, hivyo hakitagongana na jina la mtu mwingine. Haiandikwi humo http:// wala namba ya mlango.

Wengi hukwama katika kuhifadhi. Notepad isipofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi hukataa. Tena huweza kuongeza mkia wa.txt, na faili lenye mkia huo halisomwi kabisa. Isitoshe, faili hili huelekeza majina tu. Seva nayo haina budi kuelezwa jina lipi lina folda ipi, la sivyo majina yote mawili yatafungua ukurasa uleule.

Faili hili ni kongwe. Kabla Paul Mockapetris hajabuni mfumo wa majina ya vikoa mwaka 1983, orodha ya kompyuta za mtandao ilitunzwa katika taasisi ya utafiti ya SRI, Marekani, na kila kituo kiliinakili. Mfumo mpya ulipokuja faili halikuondolewa, na kwa kawaida kompyuta hulitazama kwanza kabla ya kuuliza kwingineko.

Hapo ndipo penye hatari. Mtumishi akiliandika humo jina halisi la halmashauri kwa majaribio kisha akalisahau, ataendelea kuiona tovuti ikifanya kazi hali mwananchi wa Chamazi anayetafuta fomu ya leseni haoni kitu. Mhalifu naye akilifikia faili hilo aweza kulielekeza jina la benki kwenye anwani yake mwenyewe. Onyo la cheti likitokea katika kivinjari, lisipuuzwe. Mistari ya majaribio ifutwe mara kazi inapokwisha, au iwekewe alama ya reli (#) mwanzoni, na kompyuta zinazotumiwa na watu wengi zisiachwe wazi kwa mamlaka ya msimamizi.