Mgongo wa Mtoto Hufungwa Kabla Mama Hajajua



Ukigusa sufuria ya moto, mkono huruka kabla hujasema "aii!" Habari ya joto imepita kwenye mshipa wa fahamu hadi ndani ya uti wa mgongo, na papo hapo amri imerudi kwa misuli. Mishipa inayoleta habari huingilia upande wa nyuma wa uti; ile inayopeleka amri hutokea upande wa mbele.

Je, njia hizi hutengenezwa lini? Mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mgongo wa mtoto huanza kama utando bapa, nao hujikunja kama chapati hadi uwe bomba. Bomba hilo hujifunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba itungwe. Ndipo mishipa huota kutoka hapo, ikinyoosha kuelekea mikono na miguu.

Bomba lisipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Mishipa ya pale huumia. Miguu yaweza kukosa nguvu na hisia, na mkojo kutoka wenyewe. Halafu mama hulaumiwa, eti amelogwa au alitembea nje. Huo ni uongo, na kikundi kisiuvumilie.

Kinga kubwa ni foliki, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Mama anayeenda kliniki mwezi wa tano atapewa vidonge, ndiyo, navyo vitamsaidia damu, lakini bomba lilishafunga zamani. Basi anayepanga kupata mtoto aviulizie mapema. Aliyewahi kuzaa mtoto wa mgongo wazi amwone daktari, maana anahitaji kipimo kikubwa zaidi. Foliki haizuii kila kisa, ila huzuia vingi.

Maharagwe na mboga za majani zina foliki, mradi usizichemshe hadi zife. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa pakiti uongezewe foliki. Mahindi tunayojisagia kijijini kwa kawaida hayaongezewi. Hatusemi muache kusaga mahindi yenu! Vidonge tu visisahauliwe.

Mtoto akizaliwa na kidonda mgongoni, kifunikeni kwa kitambaa safi chenye unyevu wa maji yaliyochemshwa yakapoa, mumlaze kifudifudi, mwende hospitali. Upasuaji unafaa ufanywe siku mbili tatu za kwanza. Kijabe ni mojawapo ya hospitali zinazoufanya. Pesa ya dharura ya kikundi itolewe siku hiyo hiyo, isingoje mkutano wa mwezi.