DUMA: Kundi Lililoanzia Gizani

Kwa mtu wa Machochwe, neno duma linamaanisha yule mnyama mwenye mbio kuliko wote, jirani yetu wa hapo hifadhini Serengeti. Leo tunamzungumzia Duma mwingine. Huyu ni kundi la muziki la vijana wawili wa Nairobi, na jina lao halikutoka kwenye Kiswahili. Limetoka kwenye Kikuyu, na maana yake ni giza.

Kwa nini tujifunze habari zao? Kwa sababu swali tunaloulizwa sana na vijana ni hili: "Mimi napenda muziki, nitatokaje?" Na majibu mengi wanayopata yanahusu wasanii wenye magari na majumba. Duma hawakuwa wasanii wa namna hiyo. Redio hazikuwapiga asubuhi na jioni. Hata hivyo kazi yao ilivuka mipaka ikasikilizwa mbali. Tukiifuata hatua kwa hatua, tutaona jambo ambalo habari za mastaa huwa hazilisemi: sehemu kubwa ya kazi ya msanii hufanyika kabla watu hawajamjua.

Ni muziki gani huo?

Siku ukienda kusaga mahindi, hebu simama kidogo nje ya mashine usikilize. Injini ina mapigo yake. Mkanda una mlio wake. Mahindi yakiingia, sauti inakuwa nzito, yakiisha, inapanda. Sasa fikiria mtu anazichukua sauti kama hizo, anazipanga, anaziongeza nguvu kwa umeme na kuimba juu yake. Huo ndio muziki wa viwandani.

Jina hilo lilianzia Uingereza. Mwaka 1975 lilianzishwa kundi la Throbbing Gristle, na mwaka 1976 wenyewe wakaanzisha kampuni ya kutoa rekodi zao, wakaiita Industrial Records, yaani rekodi za viwandani. Walichanganya kanda, vyombo vya umeme na kelele tupu. Mwaka 1980, huko Berlin Magharibi, likazaliwa kundi la Einstürzende Neubauten, ambalo lilipiga hata vyuma chakavu na mashine za kutobolea. Hoja yao ilikuwa rahisi: sisi tunaishi katikati ya mitambo, kwa nini muziki wetu ujifanye kama mitambo haipo?

Usidhani jambo hili ni la Wazungu peke yao. Kule Kinshasa, kundi la Konono No. 1 lilipiga likembe kwa umeme, likitumia vipaza sauti vilivyotengenezwa kwa mikono kutokana na vifaa vya magari mabovu. Sauti ilitoka na mkwaruzo, kama redio yenye spika iliyochanika. Badala ya kuuondoa mkwaruzo huo, wakauacha uwe sehemu ya muziki wao. Mwaka 2004 albamu yao ya Congotronics ikawafikisha kwa wasikilizaji wa Ulaya.

Na hapa kwetu Mara? Mkurya aliyezoea ritungu, chombo chetu cha nyuzi nane, anajua kwamba sauti si lazima iwe nyembamba na laini ndipo iitwe muziki. Mitambo nayo tunayo. Mgodi wa North Mara kule Nyamongo ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2002. Kijana aliyekulia karibu na mgodi anazijua sauti za viwanda pengine kuliko mpiga gitaa wa London.

Miaka ya chini kwa chini

Duma walikuwa wawili: Martin Khanja, ambaye jukwaani hujiita Lord Spike Heart, na Sam Karugu. Kundi lao lilianza mwaka 2019. Lakini wao wenyewe hawakuanza muziki mwaka huo. Khanja alikuwa ameshaimba katika kundi la Lust of a Dying Breed, na Karugu alitoka kwenye kundi la Seeds of Datura. Hayo yalikuwa makundi ya Nairobi ya muziki wa metali, ule wa gitaa zito, ngoma za kasi na sauti ya kunguruma.

Tanzania tumezoea kusema "msanii andagraundi" tukimaanisha yule ambaye bado hajatoka, anasubiri siku yake. Kwa wanamuziki wa namna ya Duma, neno hilo lina maana nyingine pia. Yupo anayekaa chini kwa chini kwa sababu muziki anaoupenda haupendwi na wengi, na hayuko tayari kuubadilisha ili apendwe. Maonyesho yanakuwa madogo. Watazamaji mara nyingi ni wanamuziki wenzake. Fedha ni ya mawazo. Anayebaki ni yule anayeupenda kwelikweli.

Tena kulikuwa na lawama. Muziki wa metali umeshukiwa kwa muda mrefu kuwa ni wa kishetani, na Kenya jambo hilo si la mchezo. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume rasmi kuchunguza ibada za shetani nchini. Kijana anayekua katika nchi yenye hofu kama hiyo, akivaa nguo nyeusi na kuimba kwa kunguruma, ajue wazi kwamba nyumbani na mtaani ataulizwa maswali.

Kuvuka mpaka kwenda Kampala

Mlango wa Duma haukufunguka Nairobi. Ulifunguka Kampala, Uganda, kwa watu wa Nyege Nyege. Hao wana studio, wana kampuni ya kutoa rekodi iitwayo Nyege Nyege Tapes, na tangu mwaka 2015 wamekuwa wakiandaa tamasha ambalo lilianzia Jinja, kwenye Mto Nile. Kazi yao ni kutafuta muziki wa Afrika ambao kampuni kubwa haziujali. Watanzania tunawadai shukrani kidogo: mwaka 2017 walitoa albamu ya Sounds of Sisso, iliyopeleka singeli ya Dar es Salaam, yenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, kwenye masikio ya watu wa nje.

Mwaka 2019 Khanja na Karugu wakaingia studio ya Nyege Nyege wakafanya kazi kwa miezi kadhaa. Hawakuwa na mpiga ngoma wala watu watano wa kujaza jukwaa. Ngoma zilitengenezwa kwa kompyuta, kwa kasi ambayo mikono ya binadamu ingechoka upesi. Magitaa yakapitishwa kwenye mitambo mpaka yakawa kama vyuma vinavyosagana. Juu yake ikaja sauti ya Khanja, mara ananguruma, mara anapiga kelele kama mtu aliyeungua.

Hapo kuna jambo la kujifunza. Upungufu wa watu haukuwazuia. Ulibadilisha muziki wenyewe. Wangesubiri mpaka wapate kundi kamili, pengine tungekuwa na kundi moja zaidi la metali kama mengine. Kompyuta iliyoshika nafasi ya mpiga ngoma ndiyo iliyowasogeza kwenye muziki wa viwandani.

Albamu yao, yenye jina hilohilo Duma, ilitoka Agosti 2020. Tazama tarehe hiyo vizuri. Ulimwengu ulikuwa umefungwa kwa ajili ya UVIKO-19. Mwanamuziki wa namna hii hategemei redio, anategemea jukwaa, na majukwaa yalikuwa yamefungwa. Hata hivyo albamu ilisikilizwa kupitia intaneti na kwenye santuri, na waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani wakaisifu. Safari zilipofunguliwa, wawili hao wakaenda kupiga kwenye majukwaa ya Ulaya.

Baadaye kila mmoja akashika njia yake. Mwaka 2024 Khanja alitoa albamu ya peke yake, The Adept, kupitia kampuni yake mwenyewe, Haekalu. Hebu piga hesabu: Duma kama kundi lilifanya kazi kwa miaka michache tu. Je, limeshindwa? Throbbing Gristle nao walivunjika mwaka 1981, miaka sita tu baada ya kuanza, na mpaka leo wanatajwa. Kundi la muziki si ndoa. Likimaliza kazi yake, wenyewe wanaweza kuachana, na kazi ikabaki.

"Lakini si ni muziki wa shetani huo?"

Swali hili huulizwa kila muziki huu unapotajwa, na si swali la kijinga. Majina ya nyimbo nyingine za Duma yanatisha, na giza lenyewe wamelifanya jina. Ila tujiulize: kutaja giza ni sawa na kuliabudu? Kwetu msibani watu hulia kwa sauti, wengine hupiga mayowe, na hakuna anayesema wanaabudu kifo. Wanakitoa nje kilichowalemea ndani. Kwa wanaoupenda, muziki huu hufanya kazi inayofanana na hiyo. Hasira iliyoimbwa haijampiga mtu.

Wewe si lazima uupende. Unaweza kuusikiliza, ukasema "hapana, huu si wangu", yakaisha. Unachotakiwa kuepuka ni kumhukumu mwenzako kwa muziki anaosikiliza au kwa rangi ya fulana yake. Na kama wewe mwenyewe unaona giza limekuzidi, huna hamu ya kitu chochote, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, muziki peke yake hautoshi. Mwambie mtu mzima unayemwamini: mama mdogo, mwalimu, mhudumu wa kituo cha afya. Mwambie leo, usingoje.

Masikio yako hayana spea

Kelele ukiipenda, ujue kuiishi. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini hushauri mtu asikae kwenye desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unagawanywa kwa mbili. Kwa hiyo desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100, ambayo ni kawaida karibu na spika kubwa, una dakika 15 tu.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo ambazo hupokea sauti. Zikifa, hazioti tena. Mlio wa "nziiii" unaousikia baada ya disko ni onyo. Kaa mbali na spika, toka nje upumzishe masikio, punguza sauti ya hedifoni, na ukiweza vaa vizibo vya masikio. Na wale wenzetu wanaoshinda kwenye mashine za kusaga wanahitaji vizibo hivyo zaidi ya mpenzi wa muziki.

Koo nalo lina haki zake. Waimbaji wa kunguruma hujifunza namna ya kutoa sauti ile bila kujiumiza; si kupayuka tu. Ukijaribu ukasikia maumivu, acha. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda hospitali.

Tumejifunza nini?

Kwanza, ule mwaka 2020 tunaouona kama mwanzo wa Duma ulikuwa na miaka mingi nyuma yake, miaka ya makundi madogo na maonyesho madogo. Ukianza leo, usishangae kama mwaka kesho hujulikani.

Pili, walitumia walichonacho. Sauti za kwenu, hata ya mashine ya kusaga au ritungu la babu, ni mali. Simu yenye kinasa sauti inatosha kuanza kuzikusanya.

Tatu, mlango ulifunguliwa na watu wa nchi jirani. Tafuta wenzako wanaopenda unachopenda, hata kama hawako kijijini kwenu.

Nne, na hili tusifichane: muziki wa namna hii kwa kawaida hauleti utajiri. Anayekuambia uache shule ili utoke kimuziki hajakuambia utakula nini katika ile miaka ya gizani. Soma, na upige muziki. Vyote viwili vinaingia kwenye siku moja.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja sauti tano za mashine au za kazi unazozisikia kijijini kwenu. Ipi ina mapigo unayoweza kuyapigia makofi?
2. Kama desibeli 100 zinaruhusu dakika 15, desibeli 103 zitaruhusu dakika ngapi?
3. Kuna tofauti gani kati ya msanii ambaye hajatoka na msanii aliyechagua muziki usiopendwa na wengi? Wewe ungechagua kuwa yupi, na kwa nini?
4. Mzazi amekuta mtoto wake anasikiliza muziki wa kunguruma. Igizeni mazungumzo yao: kwanza kwa ugomvi, halafu kwa kusikilizana. Kisha mjadili ni njia ipi iliyomsaidia mtoto kusema ukweli.