Chakula cha Liwali
Somo la Biblia: Nehemia 5:1–19



Mtu akiketi sokoni Mwandiga, mahali njia ya kutoka Kigoma inapogawanyika, moja kwenda Kasulu na moja kwenda Manyovu hata Burundi, hatakaa saa nzima pasipo kusikia neno la kodi. Mwenye mawese alalamika, mwenye dagaa alalamika, mwenye pikipiki alalamika. Na kila mtu auliza fedha yake imekwenda wapi. Wakristo nao hulalamika pamoja na jirani zao, kisha jioni huja kutuuliza kwa siri kama wametenda dhambi. Walimu wengi hujibu upesi kwa kuwasomea Warumi 13, ndipo hufunga kitabu. Warumi 13 ni Neno la Mungu, nasi hatulipunguzi hata kidogo. Kodi yatupasa kulipa. Lakini kitabu kimefungwa mapema mno, maana Biblia ina mahali pengine ambapo watu walilia kwa ajili ya kodi, na kilio chao hakikuhesabiwa kuwa uasi.

Someni Nehemia 5 tangu aya ya 1 hata ya 5. Watu wa Yerusalemu walikuwa wakijenga ukuta, na njaa ilikuwapo. Wengine waliweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka. Wengine walikopa fedha ili wailipe kodi ya mfalme, na deni lilipowashinda, watoto wao wakatiwa utumwani. Angalieni neno hili: wake zao nao walilia. Kwa kawaida mwanamke ndiye ajuaye kwanza kwamba unga umekwisha chunguni, naye mwandishi wa kitabu hakuona haya kumtaja. Tena angalieni kwamba hawakumlilia mfalme aliye mbali tu, bali waliwalilia ndugu zao Wayahudi, wakubwa wa mji, waliotajirika katika shida ile ile.

Nchi yetu yakijua kilio hiki. Wadachi walitunga sheria ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898, na kwa nyumba za mashamba ilikuwa kwa kawaida rupia 3. Asiye na rupia alitakiwa kwenda kuzitafuta, na hilo lilikuwa moja la makusudi ya sheria yenyewe: watu waende kazini. Waingereza nao waliweka sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Ndiyo sababu Waha wengi waliacha wake na mashamba yao, wakaenda mbali hata mashamba ya katani ya Tanga, wakaitwa manamba, yaani watu wa kuhesabiwa kwa namba. Wengine hawakurudi. Hata baada ya uhuru tulikuwa na kodi ya maendeleo ya kila mtu mzima, na wazee wanakumbuka jinsi wasio na stakabadhi walivyokimbilia porini walipoona watoza kodi wakija. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliifuta mwaka 2003.

Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu. Kila aliyetuma au kutoa fedha alikatwa, tangu shilingi 10 hata shilingi 10,000, kwa kadiri ya fedha yenyewe. Serikali ilisema fedha hiyo yajenga vituo vya afya na madarasa. Na madarasa tuliyaona yakijengwa, haifai tuseme uongo. Lakini mama atumaye ada kwa mtoto aliye shuleni mbali alikatwa, na mtoto akizitoa alikatwa tena. Watu wakalia. Septemba mwaka ule ule tozo ikapunguzwa kwa sehemu 30 katika 100, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 ile ya kutuma fedha ikaondolewa. Basi, aliyewaambia Wakristo wanyamaze mwezi wa Julai, angesema nini mwezi wa Septemba, serikali yenyewe ilipokiri kwamba mzigo ulikuwa mzito?

Sasa turudi kwa Nehemia. Aliposikia kilio alikasirika sana. Lakini kabla ya kusema alifanya shauri moyoni mwake. Ndipo akawakemea wakubwa mbele ya mkutano mkubwa, si chumbani. Akataka mashamba yarudishwe, na riba pia, akawaapisha mbele ya makuhani. Wala hakuivunja kodi ya mfalme, maana haikuwa mkononi mwake. Alishika lililokuwa mkononi mwake, nalo ndilo kiini cha somo letu, aya ya 14 hata ya 18. Maliwali waliomtangulia walitwaa kwa watu mkate na divai, na zaidi ya hayo shekeli 40 za fedha. Hata watumishi wao wakajifanya mabwana juu ya watu. Nehemia alikuwa liwali miaka 12, na chakula cha liwali hakukila. Kilikuwa haki yake kwa desturi. Hakuna aliyemshitaki kama angalikila. Naye alikuwa na wageni wengi, watu 150 mezani pake, na kila siku ng'ombe mmoja na kondoo 6 wateule. Hata hivyo hakudai, kwa sababu aliona utumwa wa watu ni mzito.

Ndugu, hapa ndipo wasomaji wengi hupita mbio. Kila mtu hukasirika juu ya mwizi. Nehemia atufundisha jambo gumu kuliko hilo: kuna fedha ambayo si ya wizi, sheria yaruhusu, tena ni desturi ya wote, na bado mtawala mwenye kumcha Mungu aweza kuiacha akiona hali ya watu.

Mfano wa jambo hili tunao karibu. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, mwana wa Mwandiga hii hii, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikataa posho ya kikao, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 70,000 kwa siku. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kuketi Bungeni ndiyo kazi ya mbunge, na kwa kazi hiyo ana mshahara. Wenziwe wengi walichukizwa. Mwisho wa mwaka ule Spika Anne Makinda akasema posho imepandishwa hata shilingi 200,000, kwa kuwa maisha ya Dodoma ni ghali, na ubishi mkubwa ukatokea katika nchi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Twaandika haya si kwa ajili ya chama cha mtu huyu, wala si wa Kanisa letu. Lakini Artashasta naye hakuwa wa Israeli, na Mungu alimtumia. Mwaka 2007 alikuwa amesimamishwa Bungeni baada ya kudai kwamba mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe, kwa hiyo alijua kwamba maneno kama haya yana gharama.

Na la wizi je? Hilo nalo lina habari yake. Mwaka 2013 zaidi ya shilingi bilioni 300 zilitolewa katika akaunti iliyoitwa Tegeta Escrow, iliyokuwa Benki Kuu kwa sababu ya ugomvi kati ya shirika la umeme TANESCO na kampuni ya IPTL. David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, alilisema jambo hilo Bungeni mwaka 2014, akaitwa tumbili. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akakagua, na Novemba mwaka ule Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, mwenyekiti wake akiwa Zitto Kabwe na makamu wake Deo Filikunjombe wa chama kilichotawala, ikasoma taarifa yake mbele ya wote. Kabla mwaka haujaisha Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Januari 2015 Waziri Sospeter Muhongo akajiuzulu. Wao walikana kosa, nasi si mahakimu. Lakini lipo neno moja tusiloweza kulificha katika gazeti la Kanisa. Miongoni mwa waliotajwa kwamba walipokea mamilioni kutoka kwa mmoja wa wenye fedha ile, walikuwamo watumishi wa Kanisa la Kikristo. Huenda walipokea kama sadaka, wasiulize zilikotoka. Tangu siku ile imekuwa vigumu kwa mchungaji ye yote kuwakemea wakubwa kwa sauti kubwa, maana watu wa sokoni wana kumbukumbu.

Dakt. Martin Luther, katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, anapoeleza amri ya saba, hawahurumii wezi wakubwa. Asema kwamba wezi wadogo hufungwa, na walio wakubwa huketi vitini na kuheshimiwa. Lakini yeye yule anapoeleza amri ya nane atukataza kumchafulia mtu jina kwa habari tusizoweza kuzithibitisha. Amri hizo mbili ziende pamoja. Kuna tofauti kati ya mtu anenaye kilabuni au katika simu yake kwamba wote ni wezi, na mtu anyoshaye mkono mkutanoni akauliza: fedha ya kisima ilikuwa kiasi gani, ilipokelewa na nani, mbona kisima hakina maji? Wa kwanza hamsaidii mtu. Wa pili afanya kama wale wake wa Yerusalemu: atoa kilio chake wazi, mahali pa kujibiwa.

Na mahali hapo papo. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 mkutano mkuu wa kijiji yapasa ukutane kila miezi mitatu, na mwanakijiji aweza kuomba asomewe mapato na matumizi. Kwa nchi nzima, Katiba katika ibara ya 143 yamwagiza Mkaguzi Mkuu kukagua hesabu za serikali kila mwaka na kumpa Rais taarifa, nayo hupelekwa Bungeni. Taarifa hiyo si siri. Mwinjilisti mwenye kusoma vizuri aweza kuitafuta habari ya wilaya yake mwenyewe na kuisoma pamoja na wazee, polepole, pasipo kuongeza chumvi. Tumeona Wakristo wengi wakihuzunika kwa mabilioni ya Dodoma, nao hawajahudhuria mkutano wa kijiji tangu mwaka juzi.

Neno la mwisho ni kwa wazee wa usharika. Sanduku la sadaka nalo lina liwali wake. Mchungaji atakaye nauli mara mbili kwa safari moja, au karamu ya kumpokea kila afikapo mtaani, wakati wajane wanachangishwa unga, amekula chakula cha liwali. Hesabu za usharika zisomwe mbele ya watu wote, shilingi kwa shilingi, si jumla tu. Na mwenye kuuliza asitazamwe kama mwasi.

Katika darasa, mwalimu asome kwanza aya ya 1 hata ya 5, asimame, awaache watu waseme wenyewe ni nani kati yao aliyekopa ili alipe. Kisha asome aya ya 14 hata ya 18, awaulize: Nehemia aliacha nini ambacho kilikuwa haki yake, na kwa nini? Walio viongozi wa vitongoji na wa vyama vya wavuvi wajibu kwanza. Mwezi ujao tutasoma sura ya 6, jinsi adui zake walivyomtungia Nehemia uvumi.